Laini Haikukatika

Koku mwanangu,

Simu ile haikukatika yenyewe. Niliikata mimi.

Naanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi ziishe. Wiki tatu zilizopita, tukiwa mezani, uliniuliza swali nikakujibu uongo. Tangu siku hiyo kila asubuhi unasema, "Shikamoo baba," naitikia, halafu nyumba nzima inanyamaza. Mama yako alidhani tumegombana kwa ajili ya safari. Leo saa nane mchana, akiwa anakunja nguo zako, nimemweleza yote. Hakuinua kichwa. Alimaliza kukunja lile sweta la bluu, akaliweka begini, ndipo akasema, "Mwambie na yeye kabla hajapanda basi." Akachukua nguo nyingine. "Na usimwambie mlangoni mkiwa na mizigo mikononi. Kaa uandike. Wewe ukisema kwa mdomo unapamba."

Ndiyo maana nimekuja huku shuleni. Ni likizo, chumba cha walimu hakina mtu, na kutoka dirishani namwona mlinzi akikata majani ya uwanjani. Wewe uko Igoma kwa shangazi yako, unaaga. Kesho alfajiri tutakuwa stendi ya Nyegezi. Mambo ya chakula cha njiani, nani wa kumpigia ukifika Dar, na namna ya kuishi na mwenzako wa chumba, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu na sina la kuongeza. Mimi nina hili moja, nalo nimelibeba tangu ukiwa na miaka minne.

Wakati huo tulikuwa bado tunapanga kule Mabatini, hatujafikiria hata kiwanja cha Buswelu. Siku za wiki nilifundisha Kiswahili hapa, na Jumamosi asubuhi nilikuwa na nusu saa kwenye redio ndogo pale mjini. Kipindi kiliitwa Kurasa za Jumamosi. Wewe unakikumbuka kwa mbali. Mwaka jana uliandika kwenye blogu yako kwamba aliyekufundisha kupenda vitabu ni baba yako, aliyekuwa akivisoma redioni. Niliisoma makala ile nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Walimu wenzangu wakanipongeza. Nikazima simu, nikatoka nje nikasimama karibu na bomba la maji kama mtu anayesubiri zamu ya kuchota, kwa sababu nilijua kilichokuwa ndani ya ile nusu saa.

Mwanzoni nilisoma kitabu kimoja kwa wiki, mpaka neno la mwisho, penseli mkononi. Kisha watu wakaanza kuleta vitabu vyao. Waliviacha getini kwa mlinzi, wengine wakanifuata mpaka kanisani. Nilipenda kuitwa mtu wa vitabu, Koku. Nilipenda kukuta jina langu limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza na maneno ya heshima chini yake. Kitabu kimoja kwa wiki kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, na mtu mwenye madaftari ya madarasa manne na mtoto mdogo nyumbani hawezi kusoma vitabu vitatu kwa wiki. Nikapata njia yangu: sura ya kwanza, maneno ya nyuma ya jalada, kurasa mbili za katikati, ukurasa wa mwisho. Ukiwa na sauti nzuri hakuna anayegundua. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima na hakuna aliyenishika.

Halafu kikaja kitabu cha Bi. Veronika.

Alikuwa muuguzi mstaafu, anaishi ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Alikiandika kwa miaka mingi, akakichapisha mwenyewe, akavuka na kivuko kukileta redioni, akakiacha kwa mlinzi. Kiliitwa Mlango wa Wodi Namba Nne. Kinahusu muuguzi anayeitwa Leokadia. Nilikianza Ijumaa jioni baada ya kusahihisha mitihani. Ukurasa wa thelathini na sita Leokadia anakufa kwa homa, kwenye wodi ile ile aliyokuwa akifanyia kazi. Nikasoma kurasa mbili zaidi, nikachoka, nikakifunga; safari hii hata ukurasa wa mwisho sikuufungua. Nikasema moyoni, huyu mama amemuua mhusika wake mapema mno, hajui afanye nini na kurasa zilizobaki.

Kesho yake nikalisema hilo hewani. Na sikuishia hapo. Nilisema, "Mwandishi huyu tunamheshimu, najua anajua kupima presha. Kuandika ni kazi nyingine. Mhusika anakufa mwanzoni, na kitabu nacho kinakata roho naye." Masatu, fundi mitambo wetu, alicheka nyuma ya kioo. Nilimwona akicheka na nikaona nimepata. Nikaongeza mengine ambayo sitayaandika hapa.

Tulikuwa tunapokea simu dakika kumi za mwisho. Masatu akaninyooshea kidole, ishara kwamba kuna simu, nikasema, "Karibu Kurasa za Jumamosi, unaongea na nani?"

"Naitwa Veronika. Napiga kutoka Kamanga."

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa, taratibu, kila neno na nafasi yake.

"Mimi ndiye niliyeandika kitabu ulichokisema."

Masatu akaacha kucheka.

"Karibu sana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sina maneno mengi, mwalimu. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ukurasa wa arobaini na moja, anaamka nani?"

Kitabu kilikuwa mbele yangu mezani, kimefungwa. Ningeweza kukifungua. Ningeweza kusema, mama, sijafika huko. Ni maneno machache tu, na watu wangenisamehe kabla ya tangazo linalofuata. Lakini nilisikia jinsi chumba kilivyonyamaza, nikafikiria walimu wenzangu wanaosikiliza, wanafunzi wangu, mzee wa kanisa aliyekuwa akinisifia, na mama yako aliyekuwa nyumbani na wewe. Ulimi ukakataa.

"Mwalimu, unanisikia?"

Nikamtazama Masatu, nikapitisha kidole shingoni, ile ishara ya kukata. Hakufanya kitu. Akanionyesha taa ya mtambo, kunijulisha kwamba laini haina tatizo. Nikapitisha kidole mara ya pili. Akashusha kitufe.

"Samahani wasikilizaji," nikasema, "laini imekatika. Mnajua mambo ya mitandao yetu." Na nikacheka, Koku. Kicheko kidogo tu, cha kirafiki. Kisha nikaomba muziki.

Tulipotoka, Masatu alinisubiri kwenye korido. "Kaka," akasema, "laini ilikuwa safi."

"Najua."

"Basi sawa."

Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja na nusu baada ya hapo na hakuniita kaka tena. Aliniita mtangazaji.

Ningependa kukuambia kwamba niliumia usiku huo na nikabadilika. Haikuwa hivyo. Jumatatu watu walinisimamisha njiani kunipongeza kwa jinsi nilivyomchambua yule mama. Meneja wa vipindi alisema tunahitaji moto kama ule. Nikawa kila mwezi natafuta kitabu kimoja cha kuchekesha watu. Nilikitafuta kwa makusudi: kilichochapishwa vibaya, cha mtu asiye na jina, asiye na ndugu mjini. Hicho nilikisoma vizuri zaidi kuliko vingine, maana ukitaka kumcheka mtu lazima upate mistari yake. Vile vizuri nilivipitia juu juu. Angalia nilikofika.

Kitabu cha Bi. Veronika nilikimaliza mwaka uliofuata, na sikupanga kukisoma. Ulilazwa kwa malaria. Mama yako alitia vitu kwenye kikapu kwa haraka, chupa ya uji, kanga mbili, na kitabu chochote alichokikuta juu ya kabati ili nisikae bure. Nilikitoa pale kando ya kitanda chako na nikaona ni kile. Sikuwa na kingine. Wewe umelala, dripu inashuka tone kwa tone, na mimi nikafungua ukurasa wa thelathini na tisa.

Ukurasa wa arobaini na moja anaamka Leokadia. Hakufa. Aliyekufa ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, na majina yalibadilishana kwenye daftari la wodi. Anatoka hospitali akiwa dhaifu, anarudi kwao kwa miguu, na anakuta matanga yake yanaendelea. Anasimama nyuma ya jiko anasikiliza ndugu, jirani na mumewe wakimzungumzia. Kurasa zote zilizobaki zinahusu hilo: aliyoyasikia pale, na namna alivyoishi na watu hao baadaye huku akijua. Nilikisoma siku nzima. Muuguzi alikuja kubadilisha dripu yako akaniuliza kama nalia kwa sababu ya mtoto. Nikasema ndiyo.

Hakikuwa kitabu kisicho na kasoro. Sura za harusi ni ndefu, na bwana shamba mle ndani anaongea kama tangazo la serikali. Lakini ile sura ya matanga sijawahi kusoma mfano wake, nami ndiye niliyewaambia watu wote wa pwani hii ya ziwa kwamba haipo.

Mwezi uliofuata, wewe ukiwa umepona, nikavuka kwenda Kamanga. Ukishuka kivukoni unauliza kwa muuguzi Veronika, kila mtu anakuonyesha. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Alinitambua kwa sauti kabla hajanitambua kwa uso. Hakunikaribisha kiti, nikakaa kwenye ngazi.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Kwa lipi?"

"Kwa niliyoyasema juu ya kitabu chako."

Aliendelea kuchambua. "Kusema kitabu kibaya ni haki yako. Kingekuwa kibaya ungesema kibaya. Mimi nimepasua majipu ya watu, siogopi maneno." Akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa uani. "Wewe ulinikatia simu."

Kabla sijajibu, sauti ya mwanaume ikatoka ndani, kubwa na ya mzaha: "Mwandishi! Chai ya mwandishi iko wapi leo?" Na kicheko.

Hakugeuka. "Umemsikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Huyo ni mume wangu. Alikuwa anasikiliza redio siku ile, na majirani wawili wamekaa pale ulipokaa wewe. Tangu hapo haniiti kwa jina. Akitaka chai, mwandishi. Akitaka maji ya kuoga, mwandishi. Hilo jina umenipa wewe, mwalimu."

Nikamwambia nimekisoma chote. Akaniuliza maswali kama mtahini. Leokadia alisimama wapi? Nani alimtaja vibaya wa kwanza? Nilijibu yote. Akaniuliza kilipo kibaya, nikamwambia kuhusu harusi na bwana shamba. Tukabishana. Kuhusu harusi alikataa katakata, kuhusu bwana shamba akakubali na akatabasamu kidogo, mara moja tu. Nilipoinuka akasema, "Nimekusikia. Sasa kaseme pale pale uliponisemea."

"Jumamosi hii, mama," nikasema.

Jumamosi ikaja. Niliandika maneno kwenye karatasi, nikaikunja nikaiweka mfuko wa shati. Nikakaa mbele ya maikrofoni, nikazungumzia kitabu kingine. Jumamosi iliyofuata nikasema wiki ijayo. Mwaka uliofuata redio ikabadilisha vipindi, changu kikaondolewa, na nikajiambia basi, nafasi imepotea yenyewe. Nilikuwa hodari wa kuviacha vitu vikatike vyenyewe.

Hayo ndiyo ya kwangu. Sasa nije kwako, na hapa kalamu inakuwa nzito zaidi.

Ulipoanzisha blogu yako, Rafu ya Koku, nilifurahi kuliko unavyojua. Nilisoma kila ulichoandika. Mwaka wa kwanza uliandika taratibu, makala moja kwa mwezi, na ulikuwa ukisema wazi, "hapa sikuelewa," "sura hii nimeirudia mara mbili." Kisha vikaanza kuja vifurushi. Sebule ikajaa bahasha za waandishi. Nikakuona unakula huku umeshika kitabu, unapanda ngazi huku unasoma, unahesabu kurasa zilizobaki kabla hujaanza. Nikaona ile makala yako ya kumcheka yule mwandishi wa Musoma, jinsi watu walivyoitumiana, na jinsi ulivyokaa pale kwenye kochi simu mkononi ukitabasamu kila ilipolia. Nilifahamu uso ule. Ulikuwa wangu nyuma ya kioo cha redio.

Siku mbili baada ya makala ile nilikichukua kitabu chenyewe kwenye meza yako nikitaka kukisoma. Utepe wako wa kijani ulikuwa ukurasa wa sitini. Nikasema labda aliurudisha nyuma kwa kutafuta mistari. Nikafungua mwisho. Kurasa nne za sura ya mwisho zilikuwa bado zimeshikana upande wa juu, kiwandani hazikukatwa vizuri. Hakuna mtu aliyekuwa amezifungua. Nawe uliandika kwamba mwisho wake unakatisha tamaa.

Baba mwingine angekuita. Mimi nilikwenda bafuni nikachukua wembe, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikazikata zile kurasa moja moja, vizuri, ili mtu mwingine akikiazima asijue. Nikakirudisha pale pale, na utepe pale pale. Niliogopa kwamba nikikuambia, utaniuliza, "Baba, umejuaje?" na itabidi nijibu. Kwa hiyo nikakuacha uendelee, na miezi ikapita. Hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko la simu. Bi. Veronika hakuwa mwanangu.

Ndipo kikaja kifurushi kutoka Kamanga. Riwaya ya pili ya Bi. Veronika, baada ya miaka yote hiyo, na ndani yake kikaratasi kutoka kwa mpwa wake anayemsaidia kuvisambaza vitabu. Ulikisoma kikaratasi hicho, ukaja mezani, mama yako akiwa jikoni anageuza samaki.

"Baba, uliwahi kumkatia mtu simu hewani?"

Nilijua papo hapo ni nani. Nikachukua tonge, nikalichovya, nikalila, ndipo nikasema, "Enzi zile laini zilikuwa zinakatika sana."

Ulirudisha tonge lako kwenye sahani. "Anasema ulimkatia."

"Mtu akiwa na uchungu anasikia anavyotaka."

Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, Koku. Kumkana ni jambo moja, lakini nilimfanya aonekane mama mzee mwenye kinyongo. Ukasema, kwa upole kabisa, "Kama ni kweli nitakisifia kitabu chake hata kikiwa kibaya, ili tumlipe." Ukaondoa sahani yako ukaenda kuiosha, na hujakaa na mimi mezani tangu siku hiyo.

Alhamisi iliyopita niliwaambia nakwenda Sengerema kwa mambo ya shule. Nilikwenda Kamanga. Mume wake alifariki zamani. Yeye amezeeka, jicho moja lina mtoto wa jicho, lakini sauti ni ile ile. Safari hii alinipa kiti. Nikamwambia kwamba umeniuliza na nimekana.

Akasogeza kiti chake karibu. "Sasa unataka nikupe nini, mwalimu?"

"Nisamehe."

"Nilikusamehe siku nyingi. Nilichoka kukubeba." Akajifuta lile jicho kwa pembe ya kanga. "Lakini mimi siye uliyemdanganya juzi. Nenda kwa mwenyewe."

Nikamweleza ulichosema, kwamba utakisifia. Hapo ndipo alipokasirika, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana hasira. "Mwambie huyo binti asinifanyie hivyo. Baba alinisema bila kusoma, na yeye anataka kunisifu bila kusoma. Kwangu hao wawili ni mtu mmoja. Akisome chote. Akikiona kibaya aseme kibaya, na aseme ni wapi. Nina miaka sabini na tisa, sina muda wa kuhurumiwa."

Nimekuletea maneno yake kama alivyoyasema, sikupamba.

Jana nilikwenda redioni. Nilitaka kutimiza ile ahadi. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, akaenda ndani kuuliza, akarudi. "Mzee," akasema, "hapa hakuna anayekikumbuka kipindi hicho." Nikashuka ngazi. Kumbe watu wote niliowaogopa siku ile walisahau. Aliyekumbuka ni yule mama peke yake, na mimi, na Masatu popote alipo.

Kesho unakwenda kufanya kazi kwa wachapishaji. Watakuletea miswada ya watu, mafungu kwa mafungu, na neno lako litasogeza kitabu mbele au litakirudisha kwa mwenyewe. Sijui kazi hiyo inavyofanywa na sitajifanya najua. Ninachojua ni kidogo na nimekilipia. Nilipoacha redio nilirudi kusoma kitabu kimoja kimoja, na mwezi mwingine sikumaliza hata kimoja, na hakuna aliyekufa. Niligundua kwamba neno "sijamaliza" halimvunjii mtu heshima, na sijui kwa nini nililiogopa namna ile. Niligundua pia kwamba kila nilipomtaja mwandishi kwa kazi yake ya zamani, au kijiji chake, au mavazi yake, ni kwamba kitabu chake sikukijua vya kutosha. Na kicheko cha watu, mwanangu, hata leo mtu akicheka kwa jambo nililosema darasani mwili unanisisimka. Ugonjwa huo hauponi. Nimejifunza tu kunyamaza kidogo baada yake.

Yule wa Musoma naye ni mtu, na anaishi mahali, na ana wanaomsikia akiitwa. Sikuambii ufanye nini. Kitabu chake nimekiweka kwenye begi lako dogo. Kurasa za mwisho zimekwisha kukatwa, unajua sasa ni nani aliyezikata.

Barua hii ni mali yako. Ukitaka kuiweka kwenye blogu, iweke yote na jina langu kamili, usifiche kitu kwa kunionea huruma. Ukitaka kuichana, ichane. Bi. Veronika nimempigia simu leo kumwambia kwamba inaandikwa, na nimemwambia kwamba uamuzi ni wako.

Kesho nitabeba begi kubwa mpaka kwenye basi. Sitakuuliza kitu mbele ya mama yako wala mbele ya abiria. Ukipanda bila kunitazama, nitasimama pale mpaka basi litoke getini, kisha nitarudi nyumbani.

Nisamehe, Koku. Si kwa ajili ya simu, hiyo ni kati yangu na mama wa Kamanga. Nisamehe kwa lile tonge nililolila kwanza ili nipate muda wa kutunga uongo, na kwa kukuacha uwe kama mimi huku nikikuona.

Kama umefika hapa, umenisoma mpaka mwisho. Sasa sema unachokiona.

Baba yako